Neno Linaishia Wapi? Mkazo, Silabi na Kitenzi katika Kiswahili cha Katanga

Tazama mfuatano huu wa herufi: *bali kuwa kabana tumika*. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataanza na "bali", kiunganishi anachokijua, atapita "kuwa", nacho anakijua, kisha atakwama kwenye "kabana". Msomaji wa Lubumbashi kule Kongo, au wa Kilwa kando ya Ziwa Mweru, akiusoma kimyakimya huenda naye akakwama hapo hapo. Lakini mpe ausome kwa sauti, haraka, kama mtu anayezungumza. Baada ya kurudia mara moja au mbili ulimi utajipanga wenyewe: *balikuwaka banatumika*. Kwa Kiswahili cha pwani tungesema "walikuwa wakifanya kazi". Herufi hazijabadilika hata moja. Zilizohama ni nafasi tu.

Mfano huo nimeutunga mimi, ila tatizo lenyewe ni la kweli, na namna lilivyotatuliwa Katanga inastahili kuchambuliwa kuliko inavyochambuliwa. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Elisabethville haijawa Lubumbashi, watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu mjini humo walitoa maandishi ya taipureta yanayojulikana kama *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville. Aliyeyatunga kwa niaba yao ni André Yav. Kichwa kinaahidi msamiati, ndani kuna historia: mji ulivyoanza, kazi ilivyokuwa, boyi alivyoishi katika nyumba ya bwana. Yameandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, na mwandishi wake hakuwa na kanuni yoyote ya tahajia ya kumwongoza. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo. Wamisionari walikuwa na kile kilichoitwa Kiswahili bora, cha vitabu vya dini na vya shule, lakini lugha ya kiwandani, sokoni na jikoni haikuwa na mwalimu wa imla.

Matokeo yake ni ukurasa ambamo maneno yanaungana na kuachana bila utaratibu unaoonekana kwa jicho. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipoamua kuuhariri waraka huo hakuanza kwa kuusahihisha mezani. Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha yenyewe, aliusoma kwa sauti. Usomaji ukarekodiwa, kilichorekodiwa kikaandikwa upya, na hapo ndipo tafsiri ikawezekana. Kitabu kilitoka mwaka 1990 kwa jina *History from Below*, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, ambaye mwaka 1982 alikuwa ameshachapisha utafiti wa sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi.

Kwa nini sauti ilifaulu pale jicho lilipokwama? Wengi watajibu kwamba Kalundi Mango aliijua lugha, basi. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu mtu aijuaye lugha angeweza pia kusoma kimya. Naamini sababu imo katika muundo wa Kiswahili chenyewe, na hasa katika kazi ambayo mkazo unafanya ndani yake.

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kila mwanafunzi wa sekondari Kenya na Tanzania amelikariri hilo. Linalosemwa mara chache ni matokeo yake: kila mkazo ukisikika, msikilizaji anajua kwamba imebaki silabi moja tu na neno linakwisha. Mkazo ni alama ya mpaka. Hauelezi maana ya neno, unaeleza mahali linapoishia. Isipokuwa jozi chache, kama "barabara" ya magari inayokazwa *barabára* na "barabara" ya sawasawa inayokazwa *barábara*, huwezi kuhamisha mkazo ukapata neno jingine.

Linganisha na Kiitaliano, lugha ambayo sikio la haraka huiona jirani ya Kiswahili kwa sababu maneno yake karibu yote huishia kwa irabu. Kule mkazo unatembea, na ukitembea maana inabadilika. *Parlo*, mkazo ukiwa mwanzoni, ni "nasema". *Parlò*, mkazo ukiwa mwishoni, ni "alisema". Njeo na nafsi zote mbili zimegeuka na sauti nyingine hazikuguswa. Mfano wanaoupenda walimu wa Kiitaliano ni *capitano*. Ukikaza *ca* umesema "yanatokea", ukikaza *ta* umemtaja nahodha au kapteni, ukikaza *no* umesema "aliongoza". *Telefonano*, yaani "wanapiga simu", hukazwa kwenye *le*, silabi ya nne kutoka mwisho, jambo ambalo Kiswahili hakilijui kabisa. Na maandishi ya Kiitaliano huweka alama ya mkazo pale tu unapoangukia silabi ya mwisho. Kwingine msomaji lazima awe analijua neno.

Kwa hiyo wasomaji wa lugha hizi mbili hupewa vitu tofauti. Mwitaliano hupewa mipaka ya maneno, mkazo akautafuta mwenyewe. Mswahili akipewa mpaka wa neno amepewa na mkazo papo hapo, hana la kutafuta. Na kwa kuwa hesabu hiyo inakwenda pande zote mbili, inaweza kugeuzwa: mpe mkazo, akupe mpaka. Hivyo ndivyo usomaji wa Kalundi Mango ulivyofanya kazi. Maandishi yalikuwa yamepoteza mipaka. Ulimi ulirudisha mikazo ya mazungumzo, na mikazo ikarudisha mipaka.

Rudi kwenye mfano wetu. Ukisoma *bali kuwa kabana tumika* kama ulivyoandikwa, utakaza *bá-li, kú-wa, ka-bá-na, tu-mí-ka*. Mikazo minne, na mitatu ya kwanza inaangukia mahali ambapo hakuna mzungumzaji wa Katanga anayeiweka. Katika usemi wa kawaida iko miwili tu: *ba-li-ku-wá-ka, ba-na-tu-mí-ka*. Mkazo wa *wa* unakwambia kwamba *ka* inayofuata ndiyo ya mwisho, hivyo haiwezi kuwa mwanzo wa "kabana". Neno lisilokuwepo linatoweka.

Hiyo *ka* ya mwishoni ndiyo itakayomsumbua zaidi mgeni wa lugha hii. Ni kiambishi *-ak-* kikifuatwa na irabu tamati *-a*, nacho huonyesha jambo la mazoea au lililoendelea kwa muda. Msomaji wa bara Tanzania hana haja ya kueleweshwa sana, kwani anakijua kwa umbo la *-ag-*: "anasemaga", "tunaendaga". Walimu hukikosoa, watu wanaendelea nacho. Kinachonivutia ni kazi yake katika mkazo. *Anafánya* hukazwa kwenye *fa*. *Anafanyáka* hukazwa kwenye *nya*. Silabi moja imeongezeka mkiani na mkazo umesogea hatua moja kuifuata. Hali ni hiyo hiyo kwa mnyambuliko: *píka, pikía, pikísha, pikishía*. Mzizi wenyewe, *pik-*, umeachwa nyuma na mkazo tangu hatua ya pili. Kwa Mwitaliano hilo ni geni kiasi, maana katika vitenzi vyake vingi vya wakati uliopo mkazo hubaki kwenye shina, *parlo, parli, parla, parlano*, hata kiishio kikirefuka.

Hapo pana jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya sarufi hulipitia upesi. Mofimu na silabi za Kiswahili hazikatwi mahali pamoja. Chukua *balitupikia*, yaani "walitupikia". Mwanaisimu atakata *ba-li-tu-pik-i-a*: kiambishi cha nafsi, njeo, yambwa, mzizi, kauli ya kutendea, irabu tamati. Ulimi utakata *ba-li-tu-pi-ki-a*. Ile *k* ni ya mzizi kwa mwanaisimu, na ni ya silabi inayofuata kwa ulimi. Mizizi ya Kibantu huishia kwa konsonanti kwa wingi, silabi zetu huishia kwa irabu karibu zote. Hata konsonanti mbili zikikutana, kama katika *kanga*, silabi ni *ka-nga*, ilhali Mwitaliano mwenye *canto* atakata *can-to*. Maneno ya mkopo kama "sultani" na "daktari" ndiyo yanayotuachia silabi zilizofungwa, na hata hayo husogezwa na wazungumzaji wengi hadi yafunguke.

Tofauti hiyo inaeleza kwa nini mtu anayeandika kwa sikio, akikosea, hukosea kwa utaratibu. Atatenganisha *bana tumika*. Hatatenganisha *banat umika*. Kisu chake hupita baada ya irabu kila mara. Anayevuruga mipaka ya maneno hajavuruga mipaka ya silabi, na kwa sababu hiyo maandishi yake yanaweza kusomwa kwa sauti bila kusahihishwa kwanza. Lau angekata katikati ya silabi, hakuna msomaji ambaye angeyafufua. Ningependa wahariri wanaoziita kazi za namna hii "chafu" walitazame hilo kwa makini. Ukurasa huo una mfumo, ila ni mfumo wa silabi na unahukumiwa kwa mfumo wa neno. Kifaransa nacho huenda kimechangia. Mtu aliyezoea kuona *il a fait* imeandikwa vipande vitatu haoni ubaya wa kuandika *a li fanya*.

Ushahidi wa nguvu ya mkazo juu ya kitenzi chetu ulio wazi kuliko yote tunao midomoni kila siku, nao ni vile vitenzi vya silabi moja: *-la, -ja, -fa, -nywa*. Tunasema "anakula", hatusemi "anala". Ile *ku* haina kazi ya kisarufi pale. Njeo ipo, nafsi ipo, mzizi upo. Imebaki kwa sababu ya mkazo. Ukiiondoa, silabi ya pili kutoka mwisho inakuwa *-na-*, na viambishi vya njeo kama *-na-, -li-, -ta-* na *-me-* havipokei mkazo. *Ku* inasimama hapo kuupokea: *anakúla, alikúla, atakúla*. Sasa weka kitu kingine kinachoweza kuupokea, uone *ku* inavyoondoka. Katika "simba alimla", yambwa *m* imesimama mbele ya mzizi, mkazo umeikalia, *ku* haihitajiki. Katika "hali nyama" mkazo uko kwenye *ha*, na *ku* haipo tena.

Angalia "alimla" kwa karibu. Silabi inayobeba mkazo ni nazali tupu, *m* isiyo na irabu: *a-li-ḿ-la*. Mgeni hupata taabu nayo, na Kiswahili cha Katanga kimeitatua kwa kurudisha irabu: *alimula*. Ndivyo ilivyo kwa nomino: *mutu, mutoto, mukubwa*, wingi *batu, batoto, bakubwa*. Nchi huwa *inchi*, mbwa huwa *imbwa*. Watu wa pwani husikia hayo wakadhani ni ukosefu wa ufasaha. Hesabu silabi kwanza. *M-tu* ni mbili, *mu-tu* ni mbili. *N-chi* ni mbili, *i-nchi* ni mbili. Mkazo umebaki pale pale. Kilichofanyika ni kuipa kila silabi irabu, kanuni ambayo lugha jirani za Kibantu zinaishi nayo, na ambayo pwani iliilegeza katika viambishi vichache tu. Kimuundo, Katanga imenyoosha pale ambapo pwani ilipinda. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville kuanzia 1956 hadi 1961, aliandika mapema kuhusu Kiswahili cha mji huo, na mwaka 2014 sarufi kamili ya Kiswahili cha Lubumbashi ilichapishwa na Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa. Asiyeziamini tofauti hizi ana pa kuzitafuta.

Kilwa ninayoitaja iko mwambao wa magharibi wa Ziwa Mweru, katika eneo la Pweto, mkoa wa Haut-Katanga. Haina undugu na Kilwa Kisiwani ya historia ya pwani, na kisiwa chenye jina hilo hilo ndani ya ziwa ni cha Zambia. Ni mji wa samaki na wa bandari, ambako watu huingia katika Kiswahili wakitokea Kibemba, Kizela na lugha nyingine za kando ya ziwa. Na Kiitaliano chenyewe hakikuwa mbali na maji hayo. Kisiwa cha Rhodes kilikuwa chini ya Italia kuanzia 1912 hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Wayahudi wengi wa kisiwa hicho walihamia Katanga. Mmoja wao, Nissim Soriano, alifanya biashara ya samaki kando ya Ziwa Mweru. 

Mtu mwenye masikio ya Kiitaliano akifika huko angekutana na *kapita*, msimamizi wa kazi. Neno hilo limetoka kwenye *capitão* la Kireno, ambalo ni ndugu wa *capitano*. Kireno hukaza silabi ya mwisho, Kiitaliano hukaza *ta*, Katanga inakaza *pi*: *ka-pí-ta*. Mkopo ulipoingia uliacha mkazo wake mlangoni. *Franc* ya Wabelgiji ilikuwa na silabi moja tu, iliyoanza kwa konsonanti mbili zilizoshikana. Ikawa *fa-lá-nga*, silabi tatu zilizo wazi, mkazo mahali pake. Hakuna aliyekaa mezani kupanga hilo. Kanuni ya silabi na kanuni ya mkazo zilifanya kazi pamoja, na noti ikapata jina linalotamkika.

Katika kutaja mahali nako kuna mtego wa mipaka ya maneno. Pwani husema "nyumbani", na kile *-ni* huuvuta mkazo hadi *mba*: *nyu-mbá-ni*. Katanga husema *mu nyumba, ku kazi*, mkazo unabaki *nyú-mba, ká-zi*, na mwandishi anabaki na swali: *mu* hiyo iandikwe peke yake au iungwe? Sikio halina jibu la kumpa, maana *mu* haina mkazo wake na huegemea neno linalofuata, iwe imeunganishwa au la.

Hapa mbinu ya sauti inafika mwisho wake. Mkazo hutangaza mwisho wa neno, lakini haunyooshei kidole mwanzo wake. Vijineno vya silabi moja, *na, ya, ni, mu, ku*, vikitangulia neno refu hupita bila mkazo, na kwa sikio haviachani na kiambishi awali. Chukua sentensi mbili ambazo mtu wa Lubumbashi au wa Kilwa anaweza kuzisema siku moja: *niko na kazi*, yaani nina kazi, na *niko natumika*, yaani niko kazini sasa hivi. Zote zina *na* isiyokazwa, zote zina mkazo mmoja baada yake. Ukizisikiliza mara mia hutajua kwa nini *na* ya kwanza inasimama peke yake na ya pili inaungana na kitenzi.

Hapo inabidi uache kusikiliza na ubadilishe nafsi. Weka wingi: *tuko na kazi*, *tuko tunatumika*. *Na* ya kwanza haikuguswa, kwa hiyo ni neno. Ya pili imegeuka kuwa *tuna-*, kwa hiyo ilikuwa kipande cha kitenzi tangu mwanzo, nafsi na njeo vikiwa vimebanwa katika silabi moja. Mwalimu wa darasa la kwanza akiandika ubaoni kwa lugha ya watoto wa hapo anahitaji vyote viwili: apige makofi kwenye mkazo ili apate mwisho wa neno, na abadilishe nafsi ili apate mwanzo wake.